Hofu za usalama wa chanjo kwenye makundi yetu ya mitandaoni: mzazi anayeuliza hajibiwi

Mleta mada, Mbeya Mjini

Kamwene ndugu wanajukwaa.

Ninaleta uzi huu kwa sababu kila inapokaribia wiki ya chanjo shuleni, makundi ya WhatsApp ya wazazi huku kwetu, kuanzia Mbalizi na Uyole hadi Makambako na Mafinga, hugeuka uwanja wa mabishano ambao hakuna anayetoka na elimu. Mzazi mmoja huuliza kama chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi ina madhara kwa binti wa miaka kumi. Kabla hajajibiwa, mtu huweka sauti iliyorekodiwa ya mwanamke anayelia, mwingine huandika kwamba anayeogopa chanjo hana shule, kisha admini hufunga mjadala. Swali linabaki palepale, na mzazi yule huenda kulitafutia jibu kwa mtu aliye tayari kumsikiliza, hata kama mtu huyo anasema uongo.

Msimamo wangu nausema mapema ili nisieleweke vibaya. Ninaziamini chanjo zinazotolewa kwenye kliniki zetu, wanangu wamezipata zote, na ningependa wa kwenu pia wazipate. Lakini ninaamini vilevile kwamba sisi tunaounga mkono chanjo ndio tunaowapoteza wazazi wengi, kwa kuwa tunapokea mambo matatu tofauti na kuyajibu kana kwamba ni jambo moja. Kuna swali, kuna taarifa ya kilichomtokea mtoto, na kuna madai kwamba chanjo ndiyo iliyosababisha. Anayeuliza "je, kuna madhara?" hajadai chochote. Anayesema "binti yangu alichanjwa Jumanne, Alhamisi akashikwa na homa kali" anaeleza alichokiona kwa macho yake, na hakuna mwenye haki ya kumwambia kwamba hakukiona. Ni pale anaposema "chanjo ndiyo imemletea" ndipo ushahidi unapohitajika, na hata hapo ushahidi huombwa kwa adabu, kwa sababu mbele yetu yuko mzazi aliyeshtuka.

Nianze na hizo sauti na video zinazozunguka, maana ndizo zenye nguvu kuliko maandishi. Ukizisikiliza kwa utulivu utaona zinafanana. Mzungumzaji hataji tarehe, hataji shule wala wilaya, wala hasemi ni chanjo ipi. Aliyempa habari ni ndugu yake "anayefanya kazi hospitali kubwa". Mwisho kuna ombi la kuisambaza kwa kila mwenye mtoto. WhatsApp wenyewe huweka alama ya mishale miwili juu ya ujumbe uliosambazwa mara nyingi, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo hauwezi kutumwa tena ila kwa mtu mmoja au kundi moja kwa wakati. Watu wengi huiona mishale hiyo kila siku bila kujua maana yake. Maana yake ni kwamba aliyekutumia siye aliyerekodi, na aliyemtumia yeye pengine siye pia.

Hata hivyo, tusiwaite wajinga wanaoziamini. Sauti hiyo hailetwi na mgeni. Inaletwa na shangazi, na mwenzako wa kwaya, na mama mnayecheza naye kikoba, yaani watu ambao ungewaachia mtoto wako siku nzima bila wasiwasi. Kipeperushi chenye nembo ya serikali hakiwezi kushindana na shangazi. Mwaka 2018 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walichapisha uchunguzi wao kuhusu habari zilizosambazwa kwenye Twitter kuanzia 2006 hadi 2017, wakaonyesha kwamba habari za uongo zilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusambazwa, kwa asilimia 70, kuliko za kweli, na kwamba waliozisambaza walikuwa binadamu, wala haikuwa kazi ya mashine peke yake. Habari ya uongo ni mpya, inashtua, na aliyeituma anajiona ametimiza wajibu wa kuwaonya wenzake. Nia yake mara nyingi ni njema, nasi tunapomjibu tunapaswa kuitambua nia hiyo kabla ya kumsahihisha.

Sasa nije kwenye kosa la upande wetu. Mtu anapouliza kuhusu madhara, jibu linalotolewa haraka ni "chanjo ni salama asilimia mia moja." Jibu hilo si la kweli, na kila mzazi ambaye mtoto wake alivimba mkono na kukesha na homa analijua hivyo. Wauguzi wenyewe hutumia maneno "maudhi madogo madogo", na hayo yapo: maumivu palipochomwa, homa, kichwa kuuma, kizunguzungu. Yapo pia madhara makubwa yanayotokea kwa nadra sana. Kamati ya Shirika la Afya Duniani inayofuatilia usalama wa chanjo ilipoipitia chanjo ya HPV, yaani kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, mwaka 2017, baada ya dozi zaidi ya milioni 270 kusambazwa duniani, ilitaja mzio mkali wa ghafla kuwa hutokea chini ya mara mbili katika kila dozi milioni moja. Mzazi akipewa takwimu hiyo pamoja na maelezo kwamba mzio huo hujitokeza ndani ya dakika chache na una dawa, atakuwa na kitu cha kupima. Akipewa "asilimia mia moja", siku atakayosikia kisa kimoja cha kweli atahisi kwamba amedanganywa katika yote.

Historia ya chanjo ina mifano ambayo wapingaji huitumia kututisha, ilhali ingetufaa sisi kuieleza. Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha chanjo ya kwanza ya kuharisha kunakosababishwa na virusi vya rota, iliyoitwa RotaShield. Katika mwaka uliofuata, mfumo wa kupokea taarifa za madhara ulionyesha watoto wachache wanaopata tatizo la utumbo kujikunja na kuingia ndani yake wenyewe, kwa makadirio ya mtoto mmoja katika kila elfu kumi. Chanjo ile iliondolewa sokoni mwaka huohuo wa 1999, na zilizokuja baada yake zilijaribiwa kwa makumi ya maelfu ya watoto kwanza, hasa kwa ajili ya tatizo hilo. Vivyo hivyo mwezi Aprili 2021 Marekani ilisimamisha kwa siku kumi chanjo ya UVIKO-19 ya Johnson & Johnson, kwa visa 6 vya damu kuganda isivyo kawaida katika dozi zaidi ya milioni 6.8. Ni chanjo hiyohiyo ambayo Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani tarehe 28 Julai 2021 alipozindua uchanjaji nchini. Wengi wetu tulisikia habari ya kuganda kwa damu kupitia video za vitisho kabla ya kuisikia kwa mtaalamu, na hapo ndipo imani ilipovuja. Aliyetangulia kusema ndiye aliyeaminiwa.

Nimalizie sehemu hii na maswali matatu juu ya chanjo ya HPV ambayo nimeyaona mara nyingi kuliko mengine, kwa kuwa hiyo ndiyo inayowagusa mabinti zetu shuleni.

Swali la kwanza ni kwa nini zamani zilikuwa dozi mbili na sasa ni moja. Watu hudhani kwamba walikosea wakaficha. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, kwa dozi mbili. Aprili 2024 ikahamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kilichobadilika katikati ni ushahidi, na sehemu ya ushahidi huo imetoka hapahapa nchini. Utafiti ulioitwa DoRIS ulifanyika Mwanza kwa wasichana 930 wa umri huohuo, ukalinganisha waliopata dozi moja, mbili na tatu. Mwingine uliofanyika Kenya ulionyesha kwamba dozi moja iliwakinga wasichana na wanawake vijana kwa zaidi ya asilimia 95 dhidi ya aina za kirusi zinazosababisha sehemu kubwa ya saratani hii. Shirika la Afya Duniani likakubali matumizi ya dozi moja mwaka 2022. Sijui ni kwa nini jambo zuri kiasi hiki halikutangazwa kwa sauti kubwa katika kila shule.

Swali la pili ni kwa nini wasichana tu, na kama Wazungu wenyewe huwachanja watoto wao. Uingereza iliwaanza wasichana mwaka 2008 na wavulana mwaka 2019. Australia iliwaingiza wavulana mwaka 2013. Kwetu wasichana wametangulizwa kwa sababu saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza miongoni mwa wanawake wa Tanzania, na dozi hazijawahi kutosha kila mtu. Uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka 2021 ulionyesha kwamba waliochanjwa wakiwa na miaka 12 au 13 walipungukiwa na saratani hiyo kwa asilimia 87 wakilinganishwa na waliozaliwa kabla yao.

La tatu ni kizazi: kwamba mabinti watakuwa wagumba. Hofu hii ni ya zamani kuliko chanjo yenyewe. Ilisimamisha chanjo ya polio katika jimbo la Kano, Nigeria, mwaka 2003, na kirusi kikatoka huko kikaingia katika nchi zilizokuwa zimeshakiondoa. Ilirudi Kenya mwaka 2014 juu ya chanjo ya pepopunda. Mahali popote wageni wanapokuja kumgusa mtoto kwa sindano, hofu ya kwanza huwa ni ya ukoo kukatika, nami siishangai. Lakini wasichana waliochanjwa Uingereza mwaka 2008 ni wanawake watu wazima leo, wengi wao wana watoto, na kama kizazi chao kingefungwa lisingekuwa jambo la kunong'ona kwenye simu.

Naomba michango, hasa ya wahudumu wa afya na ya wazazi wenye mashaka. Wenye mashaka waachwe waseme.

Mchangiaji kutoka Rungwe, muuguzi

Asante mleta mada. Nafanya kazi kwenye zahanati huku Rungwe na naomba kuongeza kitu kimoja kinachokosekana kwenye makundi hayo, nacho ni njia ya kutoa taarifa.

Mzazi akiweka kwenye kundi kwamba mtoto wake amepata tatizo baada ya chanjo, taarifa hiyo huishia hapo. Hakuna mtu wa kundini anayeweza kumpima mtoto, wala kujua chupa ya chanjo ilikuwa ya toleo gani, wala kuuliza kama watoto wengine waliochanjwa kutoka chupa hiyohiyo wamepata dalili zinazofanana. Akija kituoni, tunajaza fomu ya tukio baya baada ya chanjo. Fomu hiyo huenda kwa mratibu wa chanjo wa halmashauri, na taarifa hufika Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ambayo ina ofisi ya kanda hapa Mbeya. Tukio likiwa kubwa, yaani mtoto amelazwa, amepata ulemavu au amefariki, hufanyiwa uchunguzi na kuna kamati ya wataalamu inayopima kama sababu ni chanjo, ni kosa la utoaji, ni hofu ya sindano, au ni ugonjwa uliosadifu tu kutokea wakati huo. Majibu yote manne yanawezekana.

Kusadifu ndiko kunakowapa watu shida zaidi kukuelewa. Kama katika wilaya wamechanjwa wasichana maelfu ndani ya wiki moja, basi ndani ya wiki hiyo lazima wapo watakaougua malaria, wapo watakaopata degedege la kifafa walichokuwa nacho tangu zamani, na inaweza kutokea mmoja akafariki kwa ugonjwa wa moyo ambao hakuna aliyeujua. Wangeugua hata wasingechanjwa. Ila mama hawezi kuona hivyo akiwa peke yake na mtoto wake. Huonekana pale tu taarifa zote zinapokusanywa mahali pamoja na kulinganishwa na wasiochanjwa. Kwa hiyo nawaambia wazazi kwamba kutoa taarifa si kuishtaki chanjo, na si kumchongea muuguzi. Leteni kadi ya mtoto, semeni siku na saa alipochanjwa, semeni dalili ilianza lini.

Jambo jingine ni kuzirai. Tunawaweka wasichana wakae dakika 15 baada ya sindano, kwa sababu wapo wanaoishiwa nguvu, hasa wakiwa hawajala asubuhi, wamepanga foleni juani, na wamemwona mwenzao akianguka. Simu ikiwa karibu, ndani ya saa moja video iko Tunduma. Naomba walimu wasiruhusu kumrekodi mtoto aliyeanguka.

Mleta mada, Mbeya Mjini

Ndaga fijo, dada. Hili la kuanguka linastahili kuelezwa zaidi, kwa sababu ndilo linalotengeneza video zenye kutisha kuliko zote.

Sisi Watanzania hatuhitaji kwenda mbali kulielewa. Mwanzoni mwa mwaka 1962, shule ya wasichana ya Kashasha karibu na Bukoba ilikumbwa na wimbi la kicheko na kilio kisichozuilika, likaenea hadi vijiji na shule nyingine, na shule zikafungwa. Hapakuwa na sumu wala kirusi. Walimu wa shule za bweni huku kwetu wanajua pia jinsi bweni zima linavyoweza kuanguka usiku mmoja, na jinsi wengine wanavyoita mapepo, wengine malaria, wengine mitihani. Mwili wa binti anayeogopa hufanya mambo ya kweli: anatetemeka, anakosa pumzi, miguu inakufa ganzi. Kumwambia anajifanya ni kumwonea.

Mwaka 2014, katika mji wa Carmen de Bolívar nchini Kolombia, mamia ya wasichana walipelekwa hospitali wakiwa wamezirai au wamekufa ganzi baada ya chanjo ya HPV. Video zao zikaenea mitandaoni, wasichana wa miji mingine wakaziona, nao wakaanza kupata dalili zilezile. Uchunguzi haukuikuta chanjo na hatia, lakini wazazi walikuwa wameshaamua, na uchanjaji nchini humo ukaporomoka. Japani ilipitia njia hiyo kupitia televisheni: Juni 2013 serikali iliacha kuihimiza chanjo hiyo baada ya picha za wasichana wenye maumivu na mitetemo, na uchanjaji ukashuka kutoka takriban asilimia 70 hadi chini ya asilimia moja. Iliirudisha kwa nguvu Aprili 2022. Hiyo ni miaka karibu tisa ya mabinti wasiokingwa, katika nchi yenye hospitali na wataalamu wa kila aina. Nauliza, sisi tutahimili vipi?

Mchangiaji kutoka Makambako

Nimesoma yote kwa makini, na kwa kuwa mmetualika wenye mashaka, nitasema bila kuficha.

Sipingi chanjo. Ninachokipinga ni namna inavyoletwa. Binti yangu alichanjwa shuleni, nami nikajua jioni aliporudi na mkono unaomuuma. Hakuna karatasi iliyoletwa nyumbani, hakuna kikao, hakuna hata ujumbe kwenye kundi. Nilipouliza kundini, niliambiwa ninapotosha jamii. Nilihisi kwamba mtoto ni wangu wakati wa ada na michango tu.

Pili, mnasema hofu za watu ni za kale. Ni kweli, wazee wetu walisimulia habari za mumiani. Lakini yapo mambo yaliyofanyika kweli. Huko Kano mnakokutaja, mwaka 1996 kampuni ya Pfizer iliwapa watoto wenye homa ya uti wa mgongo dawa ya majaribio iliyoitwa Trovan, na familia zikaenda mahakamani zikidai hazikuambiwa kwamba ni majaribio. Na hapa Mbeya kwenyewe kumekuwa na majaribio ya chanjo ya UKIMWI. Sasa mtu akiuliza kama tunafanyiwa majaribio, kwa nini mnamcheka?

Tatu, mnasema watu waseme wazi. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020 ziliweka katazo la kuchapisha habari za mlipuko wa magonjwa ya kuambukiza bila idhini ya mamlaka. Watu walijifunza kunyamaza hadharani na kunong'ona kwenye makundi. Huko kwenye kunong'ona ndiko uongo unakostawi, kwa sababu hakuna daktari anayethubutu kuingia.

Mleta mada, Mbeya Mjini

Kaka, nakushukuru sana, na la kwanza ninalikubali lote. Mzazi kujua jioni ni kosa, na hakuna takwimu inayoliondoa. Anayejua siku tano kabla huuliza maswali yake kwa utulivu. Anayejua baadaye huuliza kwa hasira, na hasira ndiyo inayorekodiwa. Kikao cha nusu saa shuleni, akiwepo muuguzi wa kata, kingezuia nusu ya zile sauti.

La pili nalo lina ukweli, ila naomba tulitenganishe vizuri. Majaribio ya chanjo ya VVU yaliyofanyika Mbeya, yaani ule utafiti wa PrEPVacc uliofanyika pia Dar es Salaam, Masaka nchini Uganda na Durban, yalihusu watu wazima waliokubali kwa kuelezwa na kutia saini. Hebu tazama yalivyoisha: Novemba 2023 uchanjaji ulisimamishwa baada ya kamati huru kuona kwamba hakuna matumaini ya chanjo zile kuonyesha kinga, na habari hiyo ikatangazwa duniani kote. Hakuna aliyelazimisha matokeo. Chanjo anayopewa mtoto kliniki imeshapita hatua hiyo miaka mingi nyuma. Kwa hiyo anayeuliza "je, ni majaribio?" anastahili kujibiwa ni lini na wapi yalifanyika, kama nilivyofanya kwa ule utafiti wa Mwanza. Kano ya 1996 nayo isifichwe. Watu wa Kano walipokataa matone mwaka 2003 walikuwa na kumbukumbu, na waliowaita wajinga hawakuijua kumbukumbu hiyo.

La tatu, nakubaliana nawe kabisa. Muuguzi anayeogopa kuandika jina lake kundini hawezi kumshinda mtu asiye na jina. Halmashauri zetu zingewapa wahudumu wachache kibali cha wazi cha kujibu maswali mitandaoni, kwa majina na vyeo vyao, hata kwa kusema "hili ngoja niulize wilayani."

Mchangiaji kutoka Kyela

Mimi nina moja tu kuhusu polio, kwa sababu sisi wa mpakani tuliliishi.

Februari 2022 Malawi ilitangaza mtoto mmoja wa Lilongwe aliyepooza kwa kirusi halisi cha polio, chenye asili ya Pakistani. Mwezi uliofuata mikoa yetu inayopakana na Malawi, yaani Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma, ikafanya kampeni ya matone ya nyumba kwa nyumba, kisha ikaja awamu nyingine, na nyingine. Kwenye simu watu waliuliza: "Mbona mtoto yuleyule anapewa tena na tena? Wanaongeza nini?" Hakuna aliyeeleza kwamba matone huhitaji kurudiwa ili kinga ya utumbo ikamilike, na kwamba mtoto aliyekosa raundi ya kwanza hujulikana kwa kurudi. Hapa Kasumulu watu huvuka kila siku kwenda sokoni; kirusi hakihitaji pasipoti.

Baadaye, mwaka 2023, zikaja habari za Rukwa, kwamba mtoto amepata kirusi cha polio kilichotokana na chanjo yenyewe. Kundi letu liliwaka moto. Mleta mada, hilo unalijibuje bila kukimbia?

Mleta mada, Mbeya Mjini

Ninalijibu kwa kukubali kwamba ni kweli.

Matone ya polio yana kirusi hai kilichodhoofishwa. Mtoto aliyepewa hukitoa kwa haja kubwa kwa majuma kadhaa. Penye watoto wengi waliochanjwa kinakufa njiani, na wakati mwingine husaidia hata kumkinga jirani. Penye watoto wengi wasiochanjwa, kinapita kutoka mtoto hadi mtoto kwa muda mrefu, mwaka au zaidi, hadi kinabadilika na kurudisha nguvu ya kupoozesha. Hicho ndicho kilichothibitishwa Rukwa. Kwa hiyo aliyesema "kimetokana na chanjo" amesema kweli, na aliyesema "basi tuache matone" ametengeneza mazingira yaleyale yanayokizalisha, maana kinaishi kwa watoto waliokosa dozi. Ndiyo sababu nchi imeongeza sindano ya polio isiyo na kirusi hai, na ndiyo sababu kumetengenezwa matone mapya ambayo kirusi chake hakibadiliki kwa urahisi. Jibu hili ni refu kuliko "ni uongo", lakini mzazi akilipata hashangai tena video ijayo.

Mchangiaji kutoka Iringa

Naomba kuongeza kwamba tusiwasahau viongozi wa dini. Huko Kenya mwaka 2014 waliotilia shaka chanjo ya pepopunda walikuwa maaskofu, na serikali iliwajibu kwa ukali hadharani, malumbano yakachukua muda mrefu. Huku kwetu tangazo la padri, mchungaji au imamu baada ya ibada linafika vijiji vya Kilolo ambavyo mtandao haufiki vizuri. Wapewe maelezo kabla ya kampeni, nao waruhusiwe kuuliza maswali magumu wakiwa faragha, wasije wakayauliza mimbarani.

Na kuhusu ule uzushi wa chanjo ya surua kuleta usonji, ambao bado unazunguka kwa Kiswahili: ulitoka kwenye makala ya mwaka 1998 ya daktari Andrew Wakefield wa Uingereza, yenye watoto 12 tu. Jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010, naye akafutwa kwenye orodha ya madaktari mwaka huohuo. Uchunguzi wa Denmark wa mwaka 2019 uliwafuatilia watoto zaidi ya 650,000 na haukuona uhusiano wowote.

Mchangiaji kutoka Makambako

Mmenijibu vizuri kuliko nilivyotarajia. Nina swali la mwisho, na ni la kweli, maana mdogo wake binti yangu anafikisha miaka tisa. Huyu mdogo ana mzio. Akila samaki fulani anavimba midomo. Akija kuchanjwa shuleni nifanyeje? Nimzuie?

Mchangiaji kutoka Rungwe, muuguzi

Usimzuie, kaka, ila asichanjiwe shuleni kwenye foleni. Mwambie mwalimu wa darasa kwa maandishi kwamba utampeleka mwenyewe kituo cha afya, na mpeleke asubuhi akiwa amekula. Mzio wa samaki peke yake haumkatazi chanjo ya HPV. Kinachomkataza ni kama alishawahi kupata mzio mkali kwa chanjo hiyohiyo au kwa kiambato chake. Mweleze muuguzi habari zote kabla hajavuta sindano, ulizia kama dawa ya adrenalini ipo karibu, nawe ukae naye hapohapo nusu saa badala ya zile dakika 15. Kama ungependa kuzungumza na mtu kabla ya siku hiyo, piga 199, namba ya Wizara ya Afya, haina malipo. Na huyo mkubwa uliyesema mkono ulimuuma: kama uvimbe uliisha ndani ya siku mbili tatu, ni maudhi ya kawaida. Kama bado upo, njoo naye na kadi yake, tujaze fomu.